Ulichokishona Chini ya Bitana

Mwaitu,

Mama yangu, nimekasirika. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu anayezunguka. Ukisalimiwa kwa maneno mengi ulikuwa unauliza, "Haya, umetaka nini?" Basi leo sijaja kukusalimu. Watu walikusalimu vya kutosha siku ya mazishi, tena kwa spika, na maneno yao ni sehemu ya kilichonikalisha hapa na kalamu.

Walisema ulivumilia. Mchungaji alilirudia neno hilo mpaka watu wakawa wanalipokea kwa "Amina". Eti uliugua kimya. Eti hukumsumbua mtu. Akina mama wa kanisa wakapiga makofi, jeneza lako liko pale pale mbele yao. Mimi na Ndanu tulikuwa tumekaa mstari wa kwanza, tumevaa magauni uliyotushonea kwa mikono yako, na mdogo wangu alinishika mkono kwa nguvu nisisimame. Angeniachia ningesimama. Ningewauliza wanapigia makofi nini. Mtu ana binti wawili wazima, wote wana simu, wote wana miguu, na anakufa bila kuwaambia anaumwa, halafu watu wanapiga makofi?

Habari za nyumbani ni hizi. Mvua ilinyesha vizuri Ikutha na Ndanu amevuna ndengu mpaka akakosa magunia. Yule mbuzi wako wa madoa amezaa mapacha. Kasyoka wangu, mwenye jina lako, ameanza shule na tayari anabishana na mwalimu. Cherehani yako niko nayo hapa Sultan Hamud, nimeiweka karibu na dirisha la chumba cha nyuma. Malori yakipita barabarani makasi yanatetemeka juu ya meza. Siku za kazi nauza dawa za mifugo, na Jumapili nikitoka kanisani nashona. Namshonea Kasyoka na najishonea mimi. Mkono wangu wa kuweka kola bado ni mbaya, na hakuna mtu wa kuniambia nifumue nianze tena.

Hukuwahi kutununulia gauni la dukani, sijui kama unakumbuka. Ulikuwa unanunua kitenge kimoja kirefu, unatukatia sisi watatu, na siku ya soko watu walitutambua tukiwa bado mbali. Ulikuwa unanisimamisha juu ya debe huku umebana pini kwenye midomo, na bado unaongea. "Simama wima, Mumbua, ama nikushonee gauni la nundu." Ndanu alicheka mpaka ukamchoma kidogo kiunoni, kwa makusudi, mimi nilikuona. Na sindano zako hukuzirudisha kwenye kopo. Ulizichomeka kwenye kifua cha gauni lako, hapo hapo, kama askari mwenye medali, na ukisahau unatembea nazo mpaka sokoni.

Halafu ukaanza kushona tofauti.

Mimi niliona. Nataka ujue kwamba niliona, sikuwa kipofu. Magauni yako yakawa mapana, yakajaa marinda kifuani, yakapata kola kubwa za kuning'inia, na juu yake ukawa unajifunga leso hata jua likiwa kali. Nilikuuliza siku moja tukipepeta ndengu, "Mwaitu, mbona siku hizi unashona mahema?" Ukaniambia, "Nimezeeka, nataka hewa." Tukacheka. Wewe ulicheka zaidi yangu. Nikilikumbuka hilo cheko nataka kuvunja kitu.

Nikija mwisho wa mwezi, nikishuka na mizigo yangu nikukumbatie, unainua kiganja. "Ngoja, nina sindano." Nami nasubiri uzitoe. Lakini hukuzitoa, ulikuwa umeshageuka unaenda jikoni kuweka chai. Hata Jumapili, Mwaitu. Hata Jumapili, ambapo hukugusa cherehani maisha yako yote kwa sababu ya Bwana, ulikuwa na sindano.

Siku ulipoanguka shambani ni Ndanu aliyekupata. Kule hospitali Kitui mkono wako ulikuwa hauinuki tena, ikabidi muuguzi akate gauni kwa makasi. Sisi tulitolewa nje. Gauni lile hatukuliona tena, nadhani walilitupa na takataka zao. Daktari alitoka, msichana mdogo tu, akauliza, "Nani anaishi karibu na huyu mama?" Ndanu akasema ni yeye. Daktari akamwangalia. "Na hukuona kitu? Hiki kitu kimekuwa hapo muda mrefu sana." Mpaka leo hilo swali linamlaza na kumwamsha. Mtoto wako wa mwisho, aliyekuwa anakuletea maji kila asubuhi, umemwachia swali la namna hiyo.

Na mimi nilikuuliza pale wodini. Nilikuinamia nikakuuliza, "Kwa nini hukusema?" Ukageuza uso ukutani. Ukasema, "Muulize Ndanu kama mbuzi wamefungiwa."

Hayo ndiyo maneno niliyopewa. Mbuzi.

Baada ya mazishi tulikaa na wanawake wa ukoo kugawana nguo zako. Anti Kalekye, mdogo wako, hakutaka leso, hakutaka sweta, hakutaka hata ile mikeka. Alitaka gauni la samawati tu, lile lenye marinda mengi. Nikamwambia hilo ni langu. Akasema, "Mumbua, niachie hilo moja, sitakuomba kitu kingine." Mimi nikaona ni tamaa tu. Anti ni mwembamba kama mwiko, gauni lile lingemzunguka mara mbili. Nilimjibu vibaya mbele ya watu. Aliondoka bila kunywa chai.

Gauni nikaja nalo hapa. Likakaa kwenye begi miezi, kwa sababu lilikuwa bado na harufu yako, ile ya moshi na sabuni ya kipande. Jumapili moja nikaamua kulipunguza nilivae. Nikaligeuza nje ndani, nikachukua wembe, nikaanza kufumua bitana upande wa kushoto.

Unajua nilichokuta. Ni wewe uliyekiweka.

Ulikuwa umeshona mfuko chini ya bitana, umbo la titi, na ndani yake matabaka ya kitambaa laini yaliyokatwa kwa mviringo, moja dogo kuliko lingine, ili upande huo wa kifua ukae sawa na ule mwingine. Chini ya hayo kulikuwa na tabaka la kunyonya, limefungwa kwa vifungo vidogo ili uweze kulitoa ukalifue. Lilikuwa na madoa ambayo sabuni haikuyatoa. Mishono yote ya mkono, midogo, imenyooka. Kitambaa chenyewe nilikitambua. Ni shali uliyonibebea nikiwa mchanga.

Nilikaa chini sakafuni. Kasyoka akauliza mbona nalia, nikamwambia nimejichoma. Umeona? Na mimi nimeanza.

Nimeshika kazi zako nyingi, Mwaitu. Gauni langu la harusi, sare za Ndanu, vazi la Baba la mwisho tulilomzika nalo. Hakuna ulilolishona vizuri kama lile. Ndilo lililonikasirisha kuliko yote. Ulikaa kwenye cherehani yetu, mahali nilipojifunzia kushika uzi, ukatumia akili yako yote na macho yako yote kutushonea uongo. Ungetumia saa moja ya hiyo akili kupanda gari mpaka hospitali. Nilimpigia Ndanu akafungue masanduku yenye magauni yako aliyobaki nayo. Akanipigia baadaye. Magauni yote mapana yalikuwa na mfuko. Yote.

Ndipo nikamkumbuka Anti Kalekye na lile gauni.

Kesho yake nilifunga duka nikaenda kwake. Nilimkuta akianika nguo, nikamwekea ule mfuko juu ya kamba ya nguo bila hata salamu. Alikiangalia kile kitu, hakuuliza ni nini.

"Ulijua," nikamwambia.

"Alinikataza nisiwaambie."

"Alikukataza? Na wewe ukakubali?"

"Mumbua, usinipigie kelele kwangu. Wewe hukumwona mama yetu. Walimkata titi, akarudi nyumbani, watu wakawa wanakuja kumwona. Wanakuja kuona kifua, si kumwona yeye. Dada alisema heri afe na watoto wake wakimwangalia usoni."

Hiyo ndiyo sababu yako. Nimeipata kwa mtu mwingine, nikiwa nimesimama kati ya shuka mbichi. Nimejaribu kuihurumia na wakati mwingine naweza. Lakini siku ile sikuweza. Nilimwambia Anti maneno ambayo sitayaandika hapa. Nikamwambia mlikuwa wawili mnamuua mama yangu pole pole, mmoja anashona na mwingine ananyamaza.

Alikuwa amekunja mikono kifuani, na nilivyozidi kupiga kelele ndivyo alivyozidi kujikunja. Nilimwangalia vile amejishika upande mmoja. Gauni la kumpwaya. Hitaji moja tu katika nguo zote za marehemu.

Nikamuuliza, "Anti, ulitaka lile gauni la nini?"

Akasema, "Ngai wakwa, Mungu wangu." Akakaa kwenye jiwe la kufulia.

Uvimbe ulikuwa kwenye titi la kulia, mdogo, kama punje ya mahindi, akaniambia. Alikuwa ameujua tangu kabla hujaanguka. Wewe mwenyewe ulikuwa umemwahidi kumshonea magauni kama yako. Mwaitu, ulimwahidi nguo! Dada yako alikuambia ana uvimbe, na ulichompa ni ahadi ya nguo. Hilo sijakusamehe. Naliandika wazi ili tusije tukadanganyana hata sasa.

Sikumbembeleza. Nilichukua wembe wangu, nikaukata ule mfuko vipande vipande mbele yake, nikamwambia gauni la samawati halitafunika mtu mwingine, na kwamba akikataa kwenda hospitali nitasimama kanisani Jumapili nitangaze kwa spika ile ile iliyokusifu. Akasema sina adabu. Nikamwambia sina, avae viatu.

Tulienda Makueni. Walimpima, wakamrudisha, wakampima tena, na kila tulipokaa kwenye lile benchi alikuwa akiniambia, "Twende nyumbani," na mimi nikimwambia, "Kaa." Ndanu alikuja kutoka Ikutha akakaa upande wake wa pili, tukambana katikati. Daktari akasema tumekuja mapema. Neno hilo "mapema" lilinipiga kama kofi. Anti alianza kulia kwa furaha, na mimi nikatoka nje nikalia kwa sababu yako.

Walimkata. Amepona kidonda, bado anakunywa dawa, na anapika mahindi ya muthokoi vibaya kama zamani. Watu walikuja kumwona, ni kweli, na wengine waliangalia kifua. Akamwambia mmoja wao, "Umemaliza? Sasa niangalie huku juu, chai inapoa."

Mwezi uliopita alikuja hapa Sultan Hamud na kitenge cha kijani. Akavua blauzi mchana kweupe, dirisha wazi, akasimama mbele yangu na kovu lake. Akaniambia, "Pima." Kasyoka alikuwa pale. Nilitaka kumtoa nje, Anti akasema mwache aone. Nikapima. Nilirudia kipimo cha kifua mara tatu, kwa sababu ndivyo ungesimama wewe, mbele yangu, kama ungeniamini. Ningekushonea. Ungekuwa na titi moja au huna hata moja, ningekushonea gauni linalokukaa vizuri kuliko malkia. Ulininyima hiyo kazi.

Hilo ndilo linalouma, chini ya hasira zote. Ulinifundisha kila kitu cha kushona, halafu uliponihitaji ukajishonea peke yako.

Sasa ahadi. Mimi na Ndanu tumepimwa, hatuna kitu, na tutarudi tena wakati ukifika. Siku nikipata kitu, Ndanu atajua kabla sijavaa viatu vya kwenda hospitali. Na Kasyoka nitamwambia pia. Ataogopa, nitamshika, tutaogopa pamoja. Nimeapa.

Lala sasa, Mwaitu. Desemba tutakuja kupalilia kaburi, mimi, Ndanu, Kasyoka na Anti. Nitakuja nikiwa bado na hasira, na nitakuletea maua, na pengine nitakupigia kelele mpaka majirani wasikie. Wasikie tu. Mimi sitavumilia kimya.

Mwanao,
Mumbua