Jina la Egesa Mchoroni

Mundika, Busia

Mama yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Malaba, na kwamba mgongo umepunguza kukusumbua. Mimi huku kwa shangazi siumwi popote, ila moyo haujatulia. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ningelia tu.

Unakumbuka ile kazi ya kuchora ramani ya zahanati ya Budalang'i? Tulikuwa watatu: mimi, Okiror, na Egesa, kijana wa huko huko Budalang'i. Masomo yetu ni ya mtandaoni, kwa hivyo kila mtu alichora akiwa kwao, lakini mchoro ulikuwa mmoja. Mwenzako akiufungua, unaona jina lake likiwaka pembeni na kishale cha kompyuta yake kikitembea juu ya kuta.

Mwezi wa tano mto Nzoia ulivunja kingo. Egesa alirudi ndani ya nyumba kumtoa nyanya yake. Nyanya akaokolewa, yeye akachukuliwa na maji. Mazishi tuliyafuatilia kwenye simu, maana barabara ilikuwa imekatika.

Baada ya wiki, mchana kweupe, nilikuwa nachora peke yangu jina la Egesa likawaka. Kishale chake kiliingia mlangoni polepole, kikapita chumba kwa chumba, kikasimama kwenye wodi ya kina mama kama mtu anayesikiliza. Nilimpigia Okiror. Akasema naye anakiona, akaniomba nisimwambie mtu. Kesho yake tukakuta maneno juu ya ukuta mle mchoroni: "Inua sakafu. Maji yalifika dirishani."

Mwalimu alisema ni hitilafu ya mtandao, jina lifutwe. Okiror alikubali upesi, kwa hofu. Mimi niliomba wasubiri, na barabara ilipofunguka nikaenda kwao Egesa.

Nilimkuta dada yake, Vivianne, ameegemea ukuta wenye alama ya tope, laptopu ya Egesa magotini. Ilinusurika kwa kuwa ilikuwa kwa fundi, mjini Bumala. Aliponiona aliifunga haraka. Nilipomtajia jina langu, alilia. Alinieleza kwamba kuchora hajui. Alikuwa akiufungua mchoro ili apite mle vyumbani alimopita kaka yake. Hakujua tunamwona. Nikamuuliza kuhusu yale maneno.

"Sikuwa nawaandikia nyinyi," akasema. "Nilikuwa namwambia yeye."

Tumeinua sakafu, Mama. Vivianne aliniuliza kama aache kuingia, nikamwomba asiache. Jina likiwaka najua ni yeye, lakini kila mara naanza kumsalimia Egesa, halafu ndipo nakumbuka.

Sasa lile nililokuficha. Egesa hakuwa mwenzangu wa masomo tu. Alikuwa aje Malaba Agosti, pamoja na wazee wao, kukuona. Tulipendana kwa sauti na kwa michoro; hatukuwahi hata kushikana mikono. Siku ya kwanza kuwa karibu naye, nilisimama kando ya kaburi lake.

Mama yake alinishika akaniita mkwe. Akauliza habari zako kwa jina. Kwa kuwa wao hawawezi tena kuja kwetu, nakuomba twende sisi kwao.

Msalimie mdogo wangu Odeke na majirani wote. Shangazi anakupa pole ya mgongo. Mungu akulinde hadi tuonane.

Ni mimi mwanao,
Among