Usiku wa Saa Tisa Mchana

Jumamosi, 8 Mei 1976
Nimefagia, nimetandika mikeka, vitabu nimeshusha chini watoto wavifikie. Saa ya familia hapa maktaba, mara ya tatu. Wamama wamekuja moja kwa moja kutoka salongo, kazi ya lazima ya kila Jumamosi, matope ya mtaro miguuni. Maktaba imejaa. Vitabu vyote ni vya Kifaransa, wao hawasomi, kwa hiyo nikawaomba kwanza wasimulie hadithi za kwao, watoto wawasikie. Wakatazama mikeka. Mmoja akajifanya anamfuta mtoto kamasi. Nimerudi nyumbani Muhumba na hasira.

Jumanne, 11 Mei
Chef wa quartier, mkuu wa mtaa, amepita. Familia zikiendelea kukaa bubu, chumba cha maktaba kitapewa kundi la animation, la nyimbo za chama. Wao angalau wanaimba na kucheza, amesema. Akatoka akipiga mluzi. Sina kazi nyingine ninayoipenda duniani.

Alhamisi, 13 Mei
Nimemwuliza Maman Nabintu, bibi anayeuza ndizi mbele ya mlango wa maktaba hapa Nyalukemba, kwa nini wamama hawasimulii. Amenicheka.
"We mutoto wa mission, hukukomea kwa nyakulu wako? Hatusemake hadisi muchana. Inaitaka lufu mu nyumba."
Nyakulu ni bibi; mimi nimelelewa na masista. Nani angeniambia kwamba hadithi ya mchana huita kifo nyumbani? Na jioni haiwezekani: kila mama yuko jikoni, na barabarani kuna askari.

Jumamosi, 15 Mei
Nimefunga madirisha yote. Nyufa nimeziba kwa vitenge. Mshumaa mmoja katikati. Saa tisa mchana, giza totoro. Wamama wamecheka mpaka machozi. Nabintu, niliyemwita aingie, akasita, akautazama mlango.
"Nyakulu," nikamwambia, "hii si giza?"
Akampakata mjukuu wake Mugisho, akaanza. Sungura amemwomba chui moto. Watoto wanaitikia kwa sauti moja, mama zao nao. Alipomaliza, wakavamia vitabu kumtafuta sungura. Nimefurahi kama mwendawazimu.

Ijumaa, 21 Mei
Mugisho amefariki. Surua.
Nimefika kwenye matanga. Wanawake wakasogea, wakaniachia mkeka mzima peke yangu. Nabintu hakuinua uso.

Jumamosi, 22 Mei
Hajaja mtu. Hata mmoja. Nilikuwa nimeshaziba madirisha, nikakaa na mshumaa wangu kama mpumbavu.
Wanaoniona njiani wanavuka ng'ambo. Surua iko mtaa mzima, tangu kabla ya hadithi. Najua. Nimesoma. Najiambia surua, surua, halafu nasikia sauti yangu mwenyewe: hii si giza? Bibi wa watu alisita. Mimi ndiye niliyemsukuma. Kuhusu chumba sijali tena, na hilo linanitisha.

Jumatano, 26 Mei
Chef amekuja kuchukua funguo. Nimempa. Vitabu viko kwenye masanduku, chini ya ngoma za kundi la animation. Kabla ya kutoka nilivua vitenge madirishani. Mwanga ulikuwa mkali, umeniumiza macho.

Jumapili, 30 Mei
Nimeenda kwa Nabintu jua likizama. Hakunifukuza. Akanisogezea ungo wa maharage, tukamenya wote wawili.
Giza likaingia, la kweli. Wajukuu waliobaki wakamzunguka karibu na moto, wakamwomba hadithi.
"Mulale," akawaambia.
Wakangoja kidogo. Kisha wakaenda kulala. Tumemaliza maharage, nimeaga, nimerudi nyumbani kwa miguu.