Blanketi la Mamake Everlyn

Discovery Gardens,
Dubai.
Ijumaa, 17 Januari 2025.

Mpendwa kaka Adib,

Assalamu alaikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Shifaa na wote nyumbani. Goti la mama linaendeleaje? Kwenye simu ananiambia halimsumbui, lakini namsikia anavyoguna akiinuka kitini. Na baba Aidarus ameacha sigara kweli, au bado anajificha uani? Mimi mwili mzima, alhamdulillahi. Roho ndiyo haitulii.

Naandika nimesimama jikoni, karatasi iko juu ya friji. Kila nikikaa nainuka. Nimeosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu, nimekunja nguo, nikazikunjua. Munir, yule jirani yenu wa Kisauni anayeuza vipuri huku, anasafiri leo na atapita baada ya alasiri kuichukua barua hii. Kabla hajafika natarajia simu, na simu hiyo ndiyo itakayoamua kama nabaki Dubai au narudi.

Mkataba wangu unaisha mwezi huu na arbab, yaani mwajiri wangu, anaufunga mkahawa. Mama ameshajua, na ameshapaka chumba changu rangi, kijani kile nilichokipenda utotoni. Ila kampuni inayotunza lifti za jengo letu la kazini, kule Jumeirah Lake Towers, inatafuta mafundi wanagenzi, wanawake pia. Mhandisi wao, Hazim, hunywa chai kwangu kila asubuhi. Nilimuuliza kama anatania. Akasema nijaribu tu, mtihani wenyewe ni fizikia ya shuleni. Wewe mwalimu wa fizikia unajua mimi na somo hilo tulivyoachana.

Lakini siku moja alinionyesha chumba cha mtambo, juu kabisa. Kamba nene za chuma, gurudumu kubwa, na ule uzani unaoshuka lifti inapopanda. Miaka yote hii nawauzia kahawa watu wanaopanda juu, na sikuwahi kujiuliza nani anawapandisha. Nilitoka pale na wivu. Sijawahi kuionea kazi wivu maishani mwangu.

Basi nikaanza kusoma. Kanuni yenyewe ni fupi: kani ni tungamo mara mchapuko. Yaani ukitaka kujua nguvu, chukua kilo za kitu, uzidishe kwa jinsi mwendo wake unavyoongezeka. Toroli la kilo ishirini linasukumwa kwa niutoni mia moja, na msuguano wa sakafu unalizuia kwa arobaini; litachapuka kwa kiasi gani? Nikapata tano. Jibu ni tatu. Niligawanya kabla ya kuondoa msuguano. Nikarudia, nikapata tano tena. Ni ile haraka yangu uliyokuwa ukiicheka tangu tukisoma pamoja, ukisema Rukiya hajibu swali, analivamia.

Sasa sikia haraka hiyo ilivyonitia aibu. Jumapili Everlyn, ninayekaa naye chumba kimoja, alikuwa anakwenda likizo kwao Kakamega. Unajua mambo ya kufunga mzigo huku: ruhusa ni kilo thelathini, na mtu ana vitu vya hamsini. Mizani ya kuning'iniza ni yangu, ile yenye mshale, kwa hiyo kila anayesafiri nampimia mimi. Teksi ilikuwa ikipiga honi chini. Nikatia ndoana kwenye begi, nikalinyanyua kwa kishindo, nikasoma thelathini na sita. Nikaamuru blanketi litoke, lile zito la manyoya alilomnunulia mamake. Nikanyanyua tena vilevile, thelathini. Nikamwambia khalas, nenda.

Akanipigia simu akiwa uwanja wa ndege.

"Ruki, hii begi iko na kilo ishirini na tano tu," alisema. "Blanketi ya mum ulitoa ya nini?"

Mamake anaumwa kifua na asubuhi za kwao zina baridi. Aliondoka bila kuniaga.

Nilichukua mizani nikalipima lile blanketi. Nililiinua pole, likasoma tano. Nikalivuta kwa haraka, mshale ukaruka hadi sita. Hapo ndipo nilipoelewa, Adib. Mizani inapima nguvu ya mkono wangu. Mzigo ukitulia, mkono unabeba uzito wake tu. Nikiurusha juu, mkono unabeba uzito na mchapuko pamoja. Begi la Everlyn lilikuwa thelathini kamili tangu mwanzo, na blanketi ndani. Zile kilo sita zilizozidi zilikuwa mimi.

Mtihani ulikuwa juzi Jumatano. Wallahi, swali moja lilikuwa la begi linaloning'inia kwenye mizani ndani ya lifti inayoanza kupanda. Nilitaka kucheka. Nililijibu taratibu, kama ninayelinyanyua. Swali la mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Mtu wa kilo sitini yumo ndani ya lifti inayopanda, lakini inapunguza mwendo kwa mchapuko wa mbili ili isimame. Sakafu inamsukuma kwa nguvu gani? Nikalivamia, nikajumlisha, nikaandika mia saba na ishirini. Kisha nikakumbuka lifti ya kazini inapokaribia kusimama, mwili unavyokuwa mwepesi. Nikakata, nikaanza kuandika mia nne na themanini. Msimamizi akasema khalas, akaivuta karatasi. Mpaka sasa sijui kama ile sifuri ya mwisho niliiandika au niliiwaza tu.

Blanketi liko hapa miguuni pangu. Nimejipangia hivi: nikifeli, mwisho wa mwezi nitakuja nalo mwenyewe, nilifikishe Kakamega na nimwombe radhi yule mama. Nikipita, nampa Munir, nawe utalitia kwenye basi. Namba ya Everlyn nimeishonea pembeni. Kaka, nataka kupita mpaka kifua kinaniuma, na nikikumbuka ile rangi ya kijani naona haya kutaka hivyo.

Nisalimie wifi Shifaa, baba Aidarus na Afrah mdogo, umbusu. Mama mshike mkono kwa niaba yangu. Mungu awape afya na awaondolee hekaheka kama hizi zangu.

Nakupenda, na maswali yako bado nayaogopa.

Dada yako,
Rukiya

Nyongeza: Nimeifungua tena bahasha, usishangae ilivyochanika. Hazim amepiga. Ameongea mengi, sikushika hata neno baada ya lile la kwanza. Munir yuko mlangoni anasema yalla, ndege haimngoji yeye. Nimempimia mzigo wake kwa mkono wangu, taratibu, mpaka mshale ukatulia, na nafasi ya kilo tano ipo. Pokea blanketi. Mama mwambie polepole.