Siku Yako Niliyowapa Waingereza

Kisauni,
Alhamisi, tarehe nane Mei, 1947.

Nyanya,

Shikamoo. Naona ugumu kuiandika salamu hii, maana tangu nipate akili zangu sikuwahi kukuamkia usiniitikie papo hapo, "Marahaba, mume wangu," hata ukiwa na homa, hata ukiwa na mswaki mdomoni. Leo nakuamkia, kimya. Na hata ungekuwa hai sijui kama ungeniita mume wako. Ulikuwa umeshaacha.

Nisikudanganye tena: sikuandikii kwa hiari yangu. Mkwe wangu ndiye aliyeniamuru. Mzee huyo, baba wa mke wangu Rahabu, alinikatiza katikati nilipokuwa nikimwomba radhi. "Mimi usiniombe," akasema. "Kamuombe mwenyewe." Nikamwambia mwenyewe amekwisha kufa. Akanijibu, "Hilo ni lako," akavaa kofia yake akarudi zake Rabai, na chai aliyowekewa hakuigusa. Basi mimi ni mwalimu, sina silaha nyingine ila kalamu, nimeishika.

Nianzie kwenye viazi.

Kila tarehe nane ya mwezi wa Mei, mvua inyeshe isinyeshe, ulikuwa ukiamka alfajiri ukaosha viazi vitamu, ukavitia chunguni na maganda yake, ukavipika kwa tui la nazi. Kisha uligawia majirani wote, na sharti lako lilikuwa moja tu: cha kwanza kiliwe na ganda. Nilipokuwa mdogo nililia, nikasema ganda lina mchanga. Ukanikalisha mkekani ukaniambia jinsi jahazi la watumwa lilivyokamatwa baharini na manowari ya Waingereza, mkaletwa hapa Kisauni, watoto kwa wakubwa, mkapewa viazi vya moto. Mlikuwa na njaa hata hamkungoja kumenya. Ukasema hujapata kula kitu kitamu namna ile tena.

Jina alilokupa mamako ulilisahau. Kijiji chenu ulikisahau. Lugha yenu ilikubakia maneno mawili, moja la kuita mbuzi na moja la kukataa. Lakini padre wa misheni aliandika kitabuni tarehe mliyofika, na ulipojua kusoma ulimwomba akuonyeshe mstari wako, ukauona, na tangu hapo hukuiacha ile siku ikupite. "Wenzangu wamezaliwa," ulikuwa ukisema, "mimi nimeshuka." Halafu unacheka mpaka unashika mbavu. Mimi nilikuwa nacheka na wewe, zamani hizo.

Sijui aibu iliniingia lini. Labda siku ile pale kisimani, wenzangu waliponiita mjukuu wa mateka. Nilikuja nyumbani nikakuuliza maana yake, ukaniambia bila kusita, ukiendelea kukuna nazi yako, kana kwamba nimekuuliza bei ya chumvi. Wewe neno lile halikukuuma. Lilinichoma mimi, ambaye sikuwahi kufungwa hata kamba ya kiatu na mtu.

Nikakua, nikasoma, nikawa mwalimu. Unakumbuka ule ubao wangu? Kila asubuhi naandika juu yake "Siku kama ya leo," kisha nanakili kutoka kalenda ya misheni: mfalme fulani alivikwa taji, meli fulani ilizama, mzungu fulani aliona ziwa ambalo wenyewe walikuwa wakinywa maji yake siku zote. Watoto wanakariri. Na kila mwaka ikifika Mei unaniuliza, "Mume wangu, na yangu umeiandika?" Nami nakujibu ati kalenda haikuitaja. Ukasema, "Basi itajie wewe." Nikacheka, nikabadilisha maneno. Mwaka baada ya mwaka, Nyanya, nilibadilisha maneno.

Kisha nikamposa Rahabu. Kwao Rabai, kama ujuavyo, mtu haozwi mpaka ukoo wake ujulikane, wa baba na wa mama, mpaka kaburi la babu lionyeshwe kidole. Mimi ningeonyesha nini? Bahari? Baba na mama walikufa ningali mchanga, aliyebaki ni wewe peke yako, na wewe unao mstari mmoja kwenye kitabu cha padre. Nikasema wewe ni Mduruma, mtu wa hapa hapa pwani. Hata ukoo nikakupa, ukoo niliouokota kwa mwalimu mwenzangu. Wakatikisa vichwa, wakaridhika. Wewe nilikuambia wamekubali, sikukuambia wamekubali nini. Ukapiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Miaka miwili leo.

Wakwe walikuwa wamekuja mjini, na asubuhi hiyo wakavuka daraja la pantoni kuja kukuona wewe, bibi mwenye nyumba, kumaliza mambo ya harusi. Wamekaa kibarazani, mzee na mkewe na Rahabu. Mara kengele ya misheni yetu ikaanza kulia. Ile kengele uliyonisimulia kwamba zamani ilipolia mlikimbia kujificha, maana ilikuwa ni habari ya wateka-watu wanakuja. Siku hiyo ililia kwa furaha: Vita vimekwisha Ulaya. Watu wanapita njiani wakipiga makopo. Na wewe ukatoka jikoni na sinia lako, umevaa ile kanga mpya niliyokununulia Krismasi, uso umekunjuka. "Mwasikia?" ukasema. "Mwaka huu siku yangu wameipigia kengele!"

Ulikuwa mzuri siku ile. Wallahi ulikuwa mzuri, na padre anisamehe kwa kuapa, nimeiga kwako.

Ukaliweka sinia mbele yao. Viazi vinafuka moshi, maganda yake juu. Mkwe wangu akatazama, akakohoa kidogo, akauliza, "Siku yako ya nini, mama?" Na wewe ukafungua mdomo. Nilikuona ukivuta pumzi. Ulikuwa umwambie yote, na jahazi, na manowari, na njaa, kwa furaha zako zote, kwa sababu kwako hapakuwa na la kuficha.

Nikakuwahi.

Nikasema, "Ana maana ya ushindi wa Waingereza. Kengele imempa haraka, hata viazi hakuwahi kumenya."

Mzee akacheka. Mtu mwema, alitaka tu kuchangamsha mazungumzo. Akasema, "Mama, hao Waingereza watakupa nishani, lakini sisi ungetumenyea!" Wote wakacheka, na mimi nikacheka, nikacheka kuliko wote. Wewe ulinitazama. Mara moja tu, wala hukunitazama kwa hasira, na afadhali ungenitazama kwa hasira. Kisha ukamgeukia mgeni wako, ukasema kwa adabu, "Ni kweli, mwanangu. Uzee huu. Nilifanya haraka." Ukachukua kisu, ukaketi chini, ukavimenya. Kimoja kimoja. Vyote.

Nilikaa kitini nikakutazama ukimenya.

Walipokwenda zao nilijidai nina madaftari ya kusahihisha. Nikakuaga. Ukaniitikia, "Haya, Bwana Mwalimu." Nikadhani ni utani. Kesho yake, "Bwana Mwalimu, chai tayari." Mwezi mzima, mwaka mzima. Siku ya harusi yangu ulicheza, ulishika mkono wa Rahabu, ulimwita mke mwenzio kama bibi yeyote amtaniavyo mke wa mjukuu, watu wakafurahi. Mimi ulinipa mkono: "Hongera, Mwalimu." Hapana aliyejua ila mimi na wewe.

Mwaka uliofuata nikaja tarehe nane. Nilikuwa nimekununulia majani ya chai na sukari, na sukari wakati huo ilikuwa ya kutafuta. Nilijisemea nitakula viwili na maganda yake mbele yako, na mambo yatakwisha yenyewe bila ya mimi kusema kitu. Ndivyo nilivyo, Nyanya, hupenda mambo yaishe yenyewe. Nikakuta jiko baridi. Umekaa unachambua kunde. Nikauliza, "Nyanya, leo si siku?" Ukasema, "Siku gani, Mwalimu? Aa, ile ya Waingereza. Nimesikia mmepewa mapumziko." Ukaendelea na kunde zako.

Ulikuwa na jina la kupewa, na nguo za kupewa, na dini ya kupewa uliyoipenda kweli kweli. Kitu kimoja tu kilikuwa chako mwenyewe, nacho ni siku ile, nikaitoa mbele ya wageni. Na ulipoona nimeitoa hukuniomba nikurudishie.

Mwezi wa Septemba ukaenda zako. Ulikuwa kwenye kitanda chako, Rahabu ameshika maji, mimi nimeshika miguu yako. Nilitaka kusema. Nikakufunika shuka. Nikasema, "Nyanya, unasikia baridi?" Ndilo neno la mwisho nililokuambia. Ukasema hapana.

Fundi alipochonga msalaba alinijia akaniambia jina ameandika, Grace. Tarehe ya kufa ameandika. Ya kuzaliwa aandike ipi? Ningemwambia, aandike tarehe nane Mei, alishuka. Mkwe wangu alikuwa amesimama hapo nyuma yake na jembe. Nikamwambia fundi, "Acha wazi." Basi mpaka leo msalaba wako una neno "Kuzaliwa," na mbele yake mbao tupu.

Hiyo mbao tupu ndiyo iliyonikamata. Pasaka hii mzee alikuja kumwona mjukuu wake, tukaenda sote makaburini kupalilia. Akainama akasoma, akasema, "Hivi mtu wa misheni, kabatizwa kwa maji, anakosaje tarehe? Padre hakuandika?" Aliuliza vivi hivi tu, mkononi ana nyasi. Sijui ni nini kilichonipata. Labda ni kwa kuwa ulikuwa pale pale chini ya miguu yetu, nikaona nikidanganya tena nitakuwa nimekudanganyia juu ya kichwa. Nikamwambia yote. Mduruma si Mduruma, ukoo wa kuokota, jahazi, viazi.

Nilidhani atakasirika kwa ajili ya damu. Na hilo nalo liko, sikufichi. Alisema mambo ya ukoo yatazungumzwa na wazee, na hayajazungumzwa bado. Lakini jambo lililompandisha lilikuwa lingine. Alisema, "Kumbe nilimcheka mwanamke wa watu nyumbani mwake, katika siku yake, naye akanimenyea! Na wewe ulikuwa ukinitazama, ukacheka!" Alirudia mara mbili, akanimenyea, akanimenyea. Loo, Nyanya, sikuwahi kuona mzee wa makamo yale akitafuta kitambaa mfukoni asikione.

Rahabu hakunisemesha siku tatu. Ya nne akaniuliza tu, "Tarehe nane Mei itaangukia lini? Ni siku ya shule?"

Ni siku ya shule. Leo asubuhi nilifika kabla ya watoto. Nikaandika "Siku kama ya leo." Chini yake kalenda yataka niandike vita vilivyokwisha Ulaya. Nikaviacha kwanza. Nikaandika: Msichana mdogo alishuka hapa Kisauni kutoka jahazi la watumwa. Ni nyanya yangu. Chaki ilikatika mara mbili. Watoto wakaingia, wakasoma kwa sauti kama kawaida yao, wote pamoja, na walipofika "nyanya yangu" sauti zikashuka, wakanitazama. Nilisimama pale nimeloa jasho. Nikasubiri kile kicheko cha kisimani. Hakikuja.

Ila binti mmoja wa mbele akanyoosha mkono. Akauliza kwa adabu, "Mwalimu, ilikuwa mwaka gani?"

Sikujua.

Nyanya, sikujua! Taji za wafalme nazijua zote kwa miaka yake, na vita, na meli. Nawapiga watoto wa watu kwa kusahau miaka hiyo. Wako sikuwahi kukuuliza. Miaka thelathini nimekula viazi vyako na sikuuliza mwaka. Nikawaambia watoto, "Sijui, nami nitajua," nikageuka nikajidai nafuta ubao mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Jumamosi naenda kwa padre. Nitamwomba kile kitabu, nami nitakitafuta kile kijistari chako kama ulivyokitafuta wewe, kwa kidole. Nikiupata mwaka nitaupeleka kwa fundi. Neno "Kuzaliwa" nitamwambia alifute, achonge "Alishuka," kama ulivyopenda kusema. Kisha mwaka huo nitautia kwenye ubao wangu wa shule. Kisha nitapanda Rabai nikawaambie wazee wa huko mwenyewe, kwa mdomo wangu, na wakitaka kumchukua Rahabu, hilo nalo nitalisikia nikiwa nimesimama. Siahidi kwamba sitaogopa. Naahidi kwamba nitakwenda.

Radhi nakuomba, lakini sikuombi unijibu.

Mvua imeanza tena, na Rahabu yuko jikoni. Amenunua viazi mwenyewe, sikumtuma. Sasa hivi amechungulia mlangoni, kisu mkononi, akaniuliza kama avimenye.

Nimemwambia aviache na maganda yake.

Pumzika, Nyanya. Ukiona nafaa tena, niite lile jina.

Mimi mjukuu wako,
Bwana Mwalimu.