Nguruwe Mlangoni pa Kliniki

Jumatatu, 5 Mei. Migori.

"Utafiti haujawahi kumponya mtu hata mmoja. Wananchi wanataka dawa, si watu wa kuwapima vichwa." Maneno ya mwenyekiti wa kamati ya bajeti ya Homa Bay, redioni, saa ya kufungua duka. Nilikuwa napanga vitabu vya shule kwenye rafu. Nikaviacha sakafuni.

Dawa zilitoka wapi basi, mheshimiwa? Zilichimbwa kama viazi? Huyu mtu kwao ni Lambwe. Watu wa huko walikuwa wakifa kwa malale, ugonjwa unaopanda mpaka kwenye ubongo. Mtu anasinzia mchana, anasinzia, mpaka anazikwa. Kuna aliyelipwa kukaa kwenye vichaka vile akichunguza mbung'o anapenda rangi gani. Kazi ya kipuuzi, angesema mwenyekiti. Ndiyo iliyotupa mitego ya kitambaa cha buluu. Ndiyo sababu yeye amekua akiwa macho.

Wanataka kufuta fungu la utafiti wa kifafa na maradhi ya akili katika bajeti mpya. Lote. Likifutwa, kliniki ya utafiti iliyo Homa Bay mjini inafungwa mwisho wa Juni. Atieno, binti wa kaka yangu Elisha, ndiyo kwanza amepigwa picha ya kichwa pale. Amemeza vidonge vya kifafa tangu shule ya msingi na bado anaanguka. Mkono wake wa kushoto una kovu la jiko. Dawa anazo, mheshimiwa. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwa nini anaugua.

Jumatano, 7 Mei.

Atieno amepiga simu. Majibu ya picha yametoka.

"Waya," akaniita, kama tunavyomwita shangazi wa upande wa baba, "wameona vifuko vya tegu kwenye ubongo. Tegu wa nguruwe." Alikuwa karibu kucheka. Miaka yote hii ya kuombewa, kumbe ni mnyoo. Anatibika, ila lazima alazwe na mtu wa nyumbani akae naye, kwa sababu dawa yenyewe inaweza kuamsha kifafa kabla haijakituliza.

Elisha amekataa. Ni mzee wa kanisa, Msabato wa Kendu Bay, mtoto wa Wasabato. Nguruwe hajawahi kuingia nyumbani kwake, hata kwa jina. Kwake yeye, kukubali matibabu ni kukiri kwamba binti yake amekula nguruwe kwa siri. Na Atieno hawezi kusafiri peke yake. Akianguka njiani nani atamshika?

Ujinga. Ujinga mtupu. Jumapili nakwenda.

Jumapili, 11 Mei.

Nimerudi kutoka Kendu Bay nikiwa na hasira na pande zote mbili.

Kwanza Elisha. Nilimweleza pole pole, kwa kipimo changu. Anayekula nyama ya nguruwe isiyoiva anafuga tegu tumboni. Mayai yanatoka na haja kubwa. Pasipo na choo yanabaki vichakani, mvua inayapeleka kwenye maji, kwenye sukuma wiki, kwenye vidole. Anayemeza mayai hayo ndiye anayepata vifuko kichwani, hata kama hajawahi kunusa nguruwe. Alinisikiliza amefumba macho.

"Nyaminwa," akasema, yaani dada yangu, "wewe umesoma. Lakini watu wakisikia tegu wa nguruwe, watauliza habari ya mayai au habari ya nguruwe?"

Nikamwita mwoga. Akanionyesha mlango. Mkewe akanifuata langoni na ndizi za njiani. Kwetu hata anayefukuzwa hafukuzwi na njaa.

Pili, watafiti. Nilipita kliniki yao. Imefungwa Jumapili, lakini bango liko mlangoni. Nguruwe mmoja mkubwa wa waridi na neno KIFAFA juu yake. Hakuna choo. Hakuna mboga. Hakuna mikono inayonawa. Nguruwe tu, anatabasamu. Nani mwenye akili timamu anambandika nguruwe kwenye mlango ambao Wasabato wa ziwa lote hili watapita? Nimempigia daktari wao mkuu na kumwambia hivyo hivyo. Ukilipwa na umma, ujue umma wenyewe unakula nini na unaona haya gani. Akaniambia bango lilichorwa Nairobi. Bila shaka.

Jumanne, 13 Mei.

Atieno ameanguka sokoni. Watu wakakimbia. "Msimguse! Povu! Povu!" Bado wanaamini povu linaambukiza. Mama yake peke yake alipiga magoti kwenye matope akamlaza ubavu. Meno mawili yamevunjika.

Nimefunga duka mapema. Sitaki kuongea na mtu.

Ijumaa, 16 Mei. Homa Bay.

Kikao cha maoni ya umma kuhusu bajeti. Ukumbi umejaa. Nilikwenda na kurasa za hoja. Lambwe, mbung'o, kila kitu. Sikufika sentensi ya pili.

"Madam, si kura yako iko Migori?" mwenyekiti akanikata. "Wewe tulishakuoza huko. Ng'ombe tukala. Hebu waachie wenye kaunti waongee."

Kicheko ukumbi mzima. Nikaketi. Kwa hiyo mwanamke aliyezaliwa huku na kuolewa kule hana haki ya kulilia damu yake upande wowote?

Ndipo mtu akasimama nyuma. "Mimi ni wa hapa." Elisha. Amevaa koti la Sabato siku ya Ijumaa. Hakuniambia anakuja.

"Mimi ni mzee wa kanisa. Nyumbani kwangu hatuli nguruwe. Baba yangu hakula. Binti yangu hajala." Minong'ono ikaanza. Akapandisha sauti. "Sasa daktari amepiga picha, amekuta tegu wa nguruwe kwenye kichwa cha binti yangu. Ametoka wapi? Ni maji? Ni mboga? Ni mkono wa nani? Mwenyekiti, unamfukuza daktari kabla hajanijibu. Basi nijibu wewe."

Mwenyekiti akachukua glasi yake ya maji akanywa.

"Mkubwa, hayo maji umechemsha?" mtu akauliza kutoka dirishani.

Ukumbi ukalipuka. Mwenyekiti akaiweka glasi chini na hakuigusa tena.

Kaka yangu hajabadilika. Hakuja kutetea sayansi, alikuja kusafisha jina. Na ametoa hoja bora kuliko kurasa zangu zote: asiyejua ugonjwa umetoka wapi atatibu leo na kuugua tena kesho. Inaniuma kwamba ni yeye aliyesema. Nje ya ukumbi akaniambia, "Jumatatu nampeleka. Lakini waandike kwamba hatuli."

Wataandika. Nitasimama juu yao mpaka waandike.

Jumatano, 21 Mei. Wodini.

Mvua tangu asubuhi. Atieno amelala. Jana kifafa kilimshika, kidogo, kama daktari alivyotuonya. Elisha alimshika bega mpaka kikapita, kisha akampangusa povu kwa leso yake mwenyewe, ile nyeupe. Hakunawa haraka. Nilimwona.

Sasa anamenya chungwa. Ameniuliza kama wameanza kupima maji ya kisima chake. Bado. Daktari anasema kazi ya visima inangoja bajeti. Kamati inapiga kura wiki ijayo.

Waheshimiwa wa kamati, nitawaambia haya ana kwa ana, hata mkinirudisha Migori. Huruma yenu siihitaji. Rudisheni fungu la utafiti, lote, kabla Juni haijaisha, na mtume watu wakapime kisima cha Elisha. Mwenye kisima yuko hapa kando yangu. Anangoja jibu.