Nusu Pima ya Maji

Mohoro, Rufiji
2 Mei 2024

Mpendwa mdogo wangu Haitham,

Assalaam alaykum. U hali gani huko melini? Kifua kimepona? Mama anakuulizia kila akipakua chakula. Sisi wazima, alhamdulillahi, tena wazima wa kuringa. Simu yako haipatikani wiki zote hizi, ndiyo maana nampa barua Abdulhalim anayekuja kupanda meli yenu. Na usikimbilie chini, nakujua wewe. Soma kwa foleni.

Mafuriko yametuvamia. Mpunga umelala wote, na njia ya kutoka kwetu hadi barabara kuu imekatika bondeni. Katikati ya balaa hilo mkeo Warda akashikwa na uchungu. Mkunga akasema mtoto ametanguliza matako, apelekwe hospitali Kibiti upesi. Nikawasha pikapu yangu. Mjomba Bwanaheri, aliyekuwa amekuja kututazama kutoka kwenye mikoko yake, akapanda nyuma na upondo wake wa mtumbwi.

Niliendesha polepole, maana breki zikilowa hazina adabu. Penye maji mjomba akashuka, akaingia, akapima kwa upondo, akarudi anacheka. Akasema nipite tu, maji hakuna, nusu pima. Warda akashukuru Mungu. Mimi nikaingiza gia.

Halafu akili ikanijia. Huyu maisha yake yote anapima maji ya mtumbwi! Hofu yake ni kukwama kwenye tope, kwa hiyo nusu pima anaiona haba. Lakini pima ni futi sita, nusu yake futi tatu, karibu mita nzima. Nikamtaka anioneshe mwilini. Akagusa kiuno. Kiuno, Haitham! Mimi maji yakipita nusu ya tairi siingii, na yale yalikuwa yanakwenda mbio.

"Mjomba," nikamwambia, "kwako maji hakuna. Kwangu hilo ni kaburi letu sote."

Akasema, "Basi kwa mtumbwi yanatosha," akaenda kuwaomba mtumbwi vijana waliokuwa wanavusha magunia. Tukamlaza Warda juu ya kanga, mjomba akasukuma mwenyewe, mimi nikisoma kila dua ninayoijua na nyingine nusunusu.

Ng'ambo tukamkuta dereva wa Noah, Nurdini, ameshindwa kuvuka. Akageuza gari. Njia nzima nilimsumbua: washa taa, punguza mwendo, usilikaribie lori hilo. Maskini, alikoma nami.

Haya, sasa kaa chini. Una binti! Wamempasua Warda, na yuko salama, anakunywa uji na kulalamika hauna sukari. Mtoto kilo tatu na robo, nywele tele, sauti ya muuza samaki. Nimefurahi mpaka nimesahau kula, na wewe unajua mimi na chakula.

Mama, Maulida na Bi Waride wanakusalimu sana. Mola akulinde baharini, akurudishe umpakate mwanao.

Adhana ya sikioni, kwa kuwa hukuwepo, tulimpa heshima mjomba. Akaanza vizuri, katikati sauti ikamkatika. Akanirudishia mtoto, akasema, "Mashavu, mimi ndiye niliyekwambia upite." Nikamrudishia mtoto mikononi, nikamwambia amalizie.

Dada yako akupendaye kwa dhati,
Mashavu