Siku Uliposimama Kanisani Kusema Sijapata Udaktari

Mwaitu mpendwa,

Mama, wiki hii wanafunzi wamejua kozi walizopewa chuoni, na tangu asubuhi nakufikiria wewe.

Unakumbuka vile ulikuwa umetangaza Matiliku yote kwamba nitasomea udaktari? Wateja wako wa nyanya walijua, kanisa lilijua. Gredi yangu ilikuwa nzuri kweli. Lakini nafasi za udaktari ni chache, na wengi walionishinda alama waliziomba. Nilipofungua simu nikakuta nimepelekwa kusomea takwimu, kozi ambayo hata sikuwa nimeiomba. Nililala nikageukia ukuta. Ulikaa kando yangu ukinisugua mgongo.

Jumapili nilikataa kwenda kanisani. Ukanivuta. "Twende. Kama ni aibu, ni yangu. Mimi ndiye nilisema."

Wakati wa ushuhuda ukasimama. Pasta alikuwa akitabasamu, akingoja shukrani. Ukasema, "Mliniombea mtoto awe daktari. Hajapata. Nimekuja kuwaambia mwenyewe, msije mkaulizana kando. Na ni yule yule mtoto wangu."

Kisha mama mmoja kule nyuma akaanza kupiga makofi.

Tukirudi nyumbani ukaniuliza kitu ambacho hakuna mtu alikuwa ameniuliza: "Lakini wewe, unataka nini?" Tukavuka ule mto mkavu. Nikakwambia nataka kukaa karibu na wagonjwa, si lazima niitwe daktari. Mtandao ulipofunguliwa tena kwa wanaotaka kubadilisha kozi, niliomba uuguzi. Huko nako nafasi zilikuwa za kung'ang'aniwa. Nikapata.

Ulituacha kabla hujaniona nikivaa yunifomu. Hilo bado linaniuma, Mama, na sijapata la kujituliza nalo.

Sasa nafanya kazi wodi ya kujifungulia, huku Sultan Hamud. Jana kulikuwa na mwanamke wa uzazi wa kwanza, alinishika mkono mpaka ukafa ganzi. Mtoto alipolia, akaniuliza, "Sista, mama yako anaitwa nani?"

Nikamwambia jina lako.

Akamtazama yule mtoto, kisha akamwita polepole, kama anayejaribu: "Mwikali."

Nikatoka nje kidogo, nikaosha uso, nikarudi kumfunika mtoto vizuri.

Pumzika, Mwaitu.

Ni mimi, binti yako.